Namna ya Kutafuta na Kutunza Kumbukumbu za Ndugu Aliyetumikia Jeshi

Kumbukumbu za utumishi jeshini ni sehemu ya historia ya ukoo. Mwananchi wa Kishapu anayezitafuta anashauriwa kuanzia nyumbani, katika vyeti, barua, medali na picha za zamani, akitafuta kwanza namba ya jeshi. Jina linaweza kuwa liliandikwa kwa namna tofauti. Namba humtambulisha askari mmoja tu.

Wilaya ya Kishapu ilianzishwa mwaka 2002 kutoka Wilaya ya Shinyanga. Hivyo, askari aliyeandikishwa kabla ya hapo atafutwe kwa jina la Shinyanga.

Kipindi cha utumishi huonesha mahali pa kuuliza. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa Septemba 1, 1964. Maombi kuhusu askari wake, wakiwemo waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978–1979, huelekezwa kwa jeshi lenyewe. Kwa askari wa King's African Rifles (KAR), ambao baadhi yao walipigana Burma mwaka 1944, shajara za vita za vikosi vyao zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza iliyopo Kew, London.

Nyaraka zikipatikana, zitolewe nakala na kukabidhiwa ndugu mwingine. Nyaraka halisi zihifadhiwe ndani ya bahasha, juu ya sakafu, mbali na unyevu, moshi na mchwa. Nyuma ya kila picha iandikwe kwa penseli jina, kikosi na mwaka, wakati wazee wanaomtambua askari huyo wangali hai.