Mtumbwi wa Ihefu haukushindwa na kayaki

Siku hizi kampuni za mavazi ya vijana wa mijini huko Ulaya na Marekani hubandika nembo zao hata kwenye kayaki ya mapumziko, ikauzwa kama viatu vya toleo maalumu. Ukiiona hivyo, utadhani ilizaliwa kwa starehe. La hasha. Wainuit waliiunda kwa ngozi ya sili juu ya fremu ya mbao, wakawinda nayo. Mwaka 1865 mwanasheria John MacGregor alizunguka mito ya Ulaya kwa mtumbwi mdogo wa mtindo wa kayaki alioupa jina la Rob Roy, na mwaka uliofuata klabu ya mchezo wa mitumbwi ikaundwa Uingereza. Chombo cha kazi kikawa cha matembezi kwa sababu maji yalikuwapo na ruhusa ya kuyapita ilikuwapo.

Mtumbwi wa Usangu, bonde la kusini mwa Tanzania, ulikosa vyote viwili. Kaskazini mwa mji wa Chimala bondeni humo, mito inayoshuka milimani huelekea Ruaha Mkuu na kinamasi cha Ihefu, ambako wavuvi walitafuta kambale na perege katikati ya matete. Huko pondo hufaa kuliko kafi: mvuvi husimama, huuchomeka mti kwenye tope, husukuma, kisha huuchomoa. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, na baadaye Kapunga, pamoja na mifereji ya wakulima wadogo, yakayachepusha maji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1998 sehemu ya Usangu ikawa pori la akiba. Mwaka 2008 ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na uvuvi ukafungiwa mlango.

Atakayepinga atasema mtumbwi ni mzito, hula mti mzima, na ungekufa wenyewe. Mbona kayaki nayo iliacha ngozi, ikaenda kwenye turubai hadi plastiki? Chombo chenye mahali pa kupita hubadili mwili. Wengine watasema kinamasi kililazimika kulindwa, na mpunga hulisha wengi. Ni kweli, ila ulinzi uliomtoa mvuvi haukuurudishia mto maji yaliyochukuliwa na mifereji ya juu. Kwa hiyo, kama siku moja watalii watapelekwa Ihefu kwa kayaki, haki inataka mambo mawili yatangulie: maji ya kiangazi yafike mtoni, na waliokuwa wakishika pondo wawe wenye kazi hiyo.