Ngoma za Burundi: jinsi sauti zake zinavyopangwa

Msikilizaji wa Kibondo au Kasulu hahitaji kuelezwa ngoma ya Warundi ni nini. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na kuanzia 2015 Warundi wengi walipokelewa katika kambi za Nduta, wilayani Kibondo, na Nyarugusu, wilayani Kasulu. Ila asiyeizoea husikia kishindo kimoja tu, kumbe ndani yake kuna sehemu tatu.

Ngoma hupangwa nusu duara, na idadi yake huwa witiri. Baadhi huitwa amashako: hizi hupigwa mfululizo, mdundo ule ule, bila kupumzika. Katikati husimama inkiranya. Mpigaji wake ndiye kiongozi. Yeye hubadilisha mdundo, na ngoma zilizobaki, ibishikizo, humfuata. Hakuna karatasi ya nota kama katika simfoni ya Haydn au Mozart. Tega sikio kwanza kwa amashako, kisha sikiliza kinachopishana nayo: hapo utaipata inkiranya. Uongozi nao haukai kwa mtu mmoja. Wapigaji hupokezana, kila mmoja akija katikati kwa zamu yake, akicheza na kuruka juu.

Ngoma huchongwa kutoka gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi. Ni nzito, lakini wapigaji huingia uwanjani wameibeba kichwani huku wakiipiga.

Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Ufalme ulikomeshwa 1966, lakini watawala hawakuiachia ngoma. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017, amri ya Rais Pierre Nkurunziza ilikataza wanawake kuipiga, ikawaachia nyimbo na michezo yao ya kike, na vikundi vikatakiwa kuwa na kibali cha wizara ya utamaduni kabla ya kupiga nje ya sherehe za serikali. Hapo kabla, vikundi vya wanawake vilikuwa vimeanza kujitokeza.

Huku kwetu Buha, mwenye ingoma aliwahi kuwa mwanamke: Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, Kasulu, wakati wa ukoloni. Na amri ya 2017 ni sheria ya Burundi. Haivuki mpaka kuja Nduta wala Nyarugusu.