Divai ya Kaharabu: Familia ya Oslavia na Mitungi ya Georgia

Historia ya vyakula na vinywaji huandikwa mara nyingi kana kwamba maendeleo ni ngazi: chombo kipya huja, cha zamani hutupwa, na aliyebaki na cha zamani huitwa mshamba. Katika insha hii ninapinga mtazamo huo kwa mfano mmoja, yaani divai iitwayo ya rangi ya chungwa, inayotengenezwa na familia ya Gravner kijijini Oslavia, kaskazini mashariki mwa Italia. Hoja yangu ni kwamba divai hii, inayouzwa leo kama kitu kipya, ni maarifa ya wakulima yaliyonusurika kwa sababu yalitunzwa majumbani, mbali na viwanda.

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Divai hii haina machungwa ndani yake. Divai nyeupe ya kawaida hupatikana kwa kukamua zabibu nyeupe na kuondoa maganda mapema. Divai nyekundu hutokana na zabibu nyeusi, na maganda huachwa humo yatoe rangi. Divai ya chungwa huchukua zabibu nyeupe na kuzitendea kama nyeusi: maji yake huchachuka pamoja na maganda na kokwa kwa siku, wiki au hata miezi. Ndipo inapopata rangi inayokaribia ya chai ya rangi, na ule ukakasi unaoshika ulimi.

Oslavia ina historia nzito. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa chini ya Austria-Hungaria. Mapigano ya mto Isonzo yalikiteketeza kijiji, na leo pana jengo lenye mifupa ya askari wapatao 57,000. Baadaye ikawa Italia, na utawala wa Kifashisti ukawanyima Waslovenia wa eneo hilo shule za lugha yao. Mwaka 1947 mpaka mpya na Yugoslavia ulipita karibu na kijiji, ukazitenga familia na baadhi ya mashamba yao. Sisi tunaoijua Busia, ambako Wasamia wako Uganda na Kenya pia, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Wazee wa Oslavia walikuwa wakiacha maganda ya zabibu za Ribolla ndani ya divai kwa siku kadhaa. Kizazi kilichofuata kiliona hayo ni mambo ya kale. Josko Gravner mwenyewe alinunua matangi ya chuma kisha mapipa madogo ya mwaloni, akasifiwa. Mwaka 1987 alizuru California, akarudi amevunjika moyo kwa kuona divai inavyotengenezwa kwa vikorombwezo vya maabara. Mwaka 1996 mvua ya mawe iliharibu karibu zabibu zake zote za Ribolla. Kiasi kidogo kilichosalia alikitumia kujaribu tena njia ya maganda. Jirani yake, Stanko Radikon, alikuwa ameanza mwaka mmoja kabla.

Mwaka 2000 Gravner alikwenda Georgia, na tangu mavuno ya 2001 divai yake imechachuka katika mitungi ya huko, iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Baadhi ya wahakiki waliomsifu walimgeuka, na wateja wakapungua.

Kwa nini Georgia? Vigae vya udongo vilivyochimbwa Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, ambavyo uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2017, vina mabaki ya divai ya takriban miaka 8,000 iliyopita. Mtungi wa huko huitwa qvevri. Hupakwa nta ya nyuki kwa ndani. Maganda, vikonyo na kokwa vinavyotiwa humo huitwa chacha, neno linalofanana na kitenzi chetu 'kuchacha' kwa bahati tu, bila undugu wowote.

Mtungi huo ungeweza kupotea. Enzi ya Kisovieti, viwanda vya serikali vilitaka divai nyingi ya aina moja, na kampeni ya Gorbachev dhidi ya pombe, iliyoanza mwaka 1985, iling'oa mashamba mengi ya mizabibu. Qvevri ilibaki kwa wakulima waliojitengenezea divai ya nyumbani. UNESCO iliitambua mbinu hiyo mwaka 2013. Bila familia hizo, ambazo majina yao hayamo vitabuni, Gravner asingekuwa na mahali pa kwenda kujifunza.

Mtu anaweza kusema kwamba bila Gravner ulimwengu usingeijua divai hii. Kuna ukweli hapo: alihatarisha riziki ya nyumba yake. Lakini kufanya kitu kijulikane si kukianzisha. Jina 'divai ya chungwa' lilitungwa mwaka 2004 na mfanyabiashara Mwingereza, David Harvey. Wageorgia husema divai ya kaharabu. Anayelifuata jina la kwanza peke yake ataianza historia mwaka 2004, na wale waliolinda mtungi watatoweka.

Kwa hiyo, sisi wanafunzi wa lugha tunapokuta kitu kinachoitwa kipya, tuulize jina lake lilitungwa lini, na nani, na kitu chenyewe kiliitwaje na waliokitengeneza kabla yake.