Vifaa vya sauti vya bei nafuu
Ni zana za kumrudishia usemi mtu aliyeondolewa zoloto, mara nyingi kwa sababu ya saratani. Mwaka 1980 Wamarekani Mark Singer na Eric Blom walitangaza vali ya silikoni inayowekwa kati ya njia ya hewa na umio: mgonjwa huziba tundu la shingoni kwa kidole, pumzi hupita kwenye vali, umio hutetema na sauti hutoka. Huko Bengaluru, India, daktari Vishal Rao alibuni vali iitwayo Aum, ya takriban dola 1. Lakini vali husafishwa kila siku na hubadilishwa. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Kirolirwe, Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Sake–Kitshanga, ubao wa picha na maneno ya Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda, usiohitaji umeme, ndio wa kuanza nao.