Kimelea Hai kama Ushahidi: Uthibitisho wa Kipindupindu katika Maabara ya Afya ya Jamii

Maabara ya hospitali inapootesha Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, kutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, kazi yake haiishii kwenye kuandika majibu. Bakteria hao hupelekwa kuthibitishwa katika maabara ya afya ya jamii. Mgonjwa hausubiri uthibitisho huo, kwani kurudishiwa maji na chumvi huanza papo hapo. Wanaouhitaji ni wale wanaopaswa kutangaza mlipuko, kuagiza chanjo na kuchagua viuavijasumu.

Utambuzi wa awali una mipaka. Kwenye agari ya TCBS, inayozuia bakteria wengine wengi, V. cholerae huunda koloni za manjano kwa sababu huchachusha sukrosi, lakini bakteria jamaa yake, V. alginolyticus, naye hufanya vivyo hivyo. Tena, bakteria waliochukuliwa moja kwa moja kwenye TCBS huweza kupotosha kipimo cha oksidesi na cha antisera (seramu zenye kingamwili). Kwa hiyo koloni moja huhamishiwa kwanza kwenye agari ya kawaida, isiyozuia bakteria wengine, na kuoteshwa kwa saa 18 hadi 24. Hapo ndipo uchafuzi hujitokeza, nao ukionekana kazi hurudiwa kabla ya kutuma chochote.

Bakteria safi husafirishwa kwenye agari ya mteremko ndani ya chupa yenye kizibo cha skrubu, si kwenye TCBS, ambako hawadumu. Chupa hufungashwa katika tabaka tatu: chombo chenyewe, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, na kasha gumu la nje. Fomu hutaja namba ya sampuli, umri na makazi ya mgonjwa, tarehe ya kuugua, dawa alizokwisha kutumia na vipimo vilivyofanyika. Bakteria wasio na maelezo haya huthibitisha jina la kimelea tu, bila kuonyesha ugonjwa umetoka wapi.

Maabara inayopokea hutumia antisera kubaini kundi O1 au O139, kisha, kwa O1, aina ya Ogawa au Inaba. Kati ya makundi zaidi ya 200 ya V. cholerae, ni hayo mawili tu yanayojulikana kusababisha milipuko mikubwa; na kwa kuwa si kila O1 hutengeneza sumu, jeni la sumu hiyo, ctxA, nalo hutafutwa. Usugu dhidi ya dawa hupimwa pia.

Vipimo vya haraka haviwezi kushika nafasi hiyo. Hugundua antijeni, lakini havionyeshi usugu wala undugu wa vimelea. Kituo kinachovitumia kinapaswa kuendelea kuchukua sampuli za kuotesha. Mlipuko ukishathibitishwa, si lazima kila mgonjwa apimwe hivyo: sampuli chache zinazochukuliwa mara kwa mara zinatosha kufuatilia mabadiliko ya kimelea, mradi majibu yarudishwe kwenye maabara iliyozituma.