Mzaha na Ustadi katika Michezo ya Video

Mwigo wa dhihaka una sharti moja gumu: amwigaye fundi hana budi kuwa fundi yeye mwenyewe. Mshairi akitaka kumkejeli mwenzake kwa bahari ileile aliyoitumia mwenzake, kisha vina vikampotea, wasikilizaji humcheka yeye na kumwacha aliyekusudiwa. Sharti hilo limejaribiwa upya katika michezo ya video, ambayo tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiigana na kudhihakiana. Baadhi ya waundaji wake walidhani ya kwamba kasoro ikitajwa kwa mzaha huwa imekwisha kusamehewa. Historia ya michezo hiyo yaonyesha vingine.

Sababu imo katika asili ya mchezo. Mtazamaji wa tamthilia hukaa akachekeshwa, lakini mchezaji hutenda. Kijembe husikika kwa nukta chache, na tendo linalokejeliwa hurudiwa kwa mikono ya mchezaji kwa muda wa saa nyingi. Mhusika akinung'unika ya kwamba njia anayoipita inachosha, mchezaji atacheka mara moja. Kisha njia ingali mbele yake, naye hana budi kuipita.

Mwaka 1985 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Gradius. Humo chombo cha angani hupigana na maadui, na mchezaji huokota vidonge vya nguvu, akachagua mwenyewe wakati wa kuongeza mwendo, silaha au ngao. Mwaka 1988 kampuni hiyohiyo ilijidhihaki kwa kutoa Parodius. Sasa mchezaji aliweza kukiacha kile chombo akamwendesha pweza au pengwini, na katika toleo la 1990 alikabiliwa na merikebu yenye kichwa cha paka. Walakini kanuni ya vidonge ilibaki, na ugumu wa vita ulibaki pia. Mtu asiyepata kuuona Gradius aliweza kuucheza mwigo wake na kuufurahia, na matoleo mengine yalifuata katika miaka ya 1990.

Mambo yalikuwa mbali na hayo kwa Pyst, uliotolewa Marekani mwaka 1996 kuudhihaki Myst. Huo wa pili, kazi ya ndugu Rand na Robyn Miller ya mwaka 1993, ulimpeleka mchezaji katika kisiwa kitulivu chenye mafumbo, nao uliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Mwandishi wa mwigo, Peter Bergman, aliwaza jambo la kuchekesha kweli: kama mamilioni ya watu wamekwisha kukikanyaga kisiwa hicho, je, kitakuwa na sura gani? Basi akakionyesha kimechakaa na kujaa taka. Mwigizaji mashuhuri John Goodman akatiwa humo kuwa mfalme. Lakini mafumbo hayakuwamo. Mchezaji alibofya picha, akaona kichekesho, akaenda kwenye picha nyingine, na baada ya muda mfupi hakuwa na la kufanya. Wazo zuri lilikosa mchezo wa kulibeba.

Kosa hilo lilirudiwa kwa namna nyingine mwaka 2009 katika Eat Lead: The Return of Matt Hazard. Shujaa wake anajua ya kwamba yumo ndani ya mchezo. Zamani alikuwa maarufu, kisha akasahauliwa, naye huzikejeli desturi za michezo ya kupiga risasi. Wahakiki wengi walilisifu wazo hilo na sauti ya Will Arnett aliyemwigiza. Kisha wakalalamika ya kwamba mapigano yenyewe yalikuwa ya kawaida na ya kurudiarudia, na ya kuwa mchezo ulitenda yaleyale uliyoyacheka.

Yamkini mtu atapinga kwa kutaja Cow Clicker wa mwaka 2010. Profesa Ian Bogost aliuunda kuikejeli michezo ya mtandao wa Facebook, kama FarmVille. Mchezaji alipewa ng'ombe, akambofya mara moja kila saa sita, basi. Hapa utupu ulikuwa ndiyo hoja yenyewe, na kuutia utamu kungaliivunja. Hata hivyo watu zaidi ya 50,000 waliucheza, na wengine wakaupenda bila kejeli yoyote. Ng'ombe walipoondolewa mwaka 2011, walikuwako waliozidi kubofya mahali patupu. Kwa hiyo hata dhihaka iliyokusudia utupu haikuweza kuitawala mikono ya wachezaji. Tendo lilikuwa na nguvu kuliko maana iliyotiwa ndani yake.

Mfano ulio bora ulikwisha kutokea mapema. Mwaka 1989 Ron Gilbert wa Marekani aliandika makala akizilaumu kasoro za michezo ya visa, mathalani kumwua mchezaji ghafla ili ajifunze kwa kufa. Mwaka 1990 akatoa The Secret of Monkey Island, alioutunga pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Humo vita vya panga hushindwa kwa matusi na majibu yake. Mchezaji hujifunza kijembe kwa kushindwa nacho, kisha hulazimika kulitumia jibu alilolijua kwa tusi asilopata kulisikia. Hivyo kicheko chenyewe ni kazi ya akili, na asiyefahamu mzaha hawezi kuendelea.

Katika mchezo huo shujaa huanguka kutoka jabali refu, na taarifa ya kifo hutokea kama ile ya michezo ya washindani, ikimtaka mchezaji aanze upya. Mara shujaa hurushwa juu akasimama tena palepale. Gilbert aliicheka kasoro baada ya kuiondoa. Wale wa mwaka 2009 waliicheka wakamwachia mchezaji aibebe, naye alikuwa amekwisha kutoa fedha zake na saa zake.