Nusu kaputi au sindano ya mgongo?

Mtu akiambiwa ana kidole tumbo na lazima apasuliwe leo hii, mara nyingi kisu si hofu yake ya kwanza. Hofu ni hii: nitapigwa nusu kaputi au nitachomwa mgongoni? Hapo kila jirani hugeuka daktari. Mmoja atasema ukilala hutaamka. Mwingine ataapa kwamba ile sindano ya mgongo inapoozesha. Ndugu msomaji, maneno haya hayakuanzia vijiweni kwetu. Yana historia.

Mwaka 1735, jijini London, daktari Claudius Amyand alimtoa kidole tumbo mtoto wa miaka 11. Dawa ya usingizi haikuwepo. Ilibidi dunia isubiri hadi Oktoba 16, 1846, pale William Morton alipomvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari wa Boston, Marekani. Etha ilikuwa ukombozi, lakini ilikuwa na kasoro kwa upasuaji wa tumbo. Ili misuli ya tumbo ilegee, mgonjwa alipaswa kuzamishwa usingizini mno, na kadiri alivyozama ndivyo hatari ilivyoongezeka.

Ndipo akaja Mjerumani August Bier. Mwaka 1898, mjini Kiel, alichoma kokeini kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Baada ya wagonjwa wachache, yeye na msaidizi wake Hildebrandt wakajaribiana wenyewe. Hildebrandt alipigwa nyundo kwenye muundi wa mguu asisikie kitu! Kilichofuata ni maumivu makali ya kichwa kwa wote wawili. Hata leo kichwa kuuma ni moja ya kero za sindano hii, ingawa sindano nyembamba za sasa zimeipunguza sana.

Kwa kidole tumbo, ganzi ya mgongo ilikuwa na faida kubwa: tumbo linalegea kabisa huku mgonjwa akipumua mwenyewe. Kwa nini basi haikutawala?

Sababu ya kwanza ilitokea Montreal, Kanada. Januari 23, 1942, Harold Griffith alimpa kijana aliyekuwa akitolewa kidole tumbo dawa ya kurare, sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika Kusini. Misuli ikalegea bila kumzamisha sana. Kasoro kubwa ya nusu kaputi ikawa imepata dawa.

Sababu ya pili ni mkasa. Mwaka 1947, katika hospitali ya Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili walichomwa mgongoni siku moja na wote wakapooza miguu. Kesi ikaamuliwa 1954. Mahakama ilielezwa kuwa fenoli ilipenya kwenye vichupa vya dawa kupitia nyufa zisizoonekana. Uchambuzi wa miaka mingi baadaye ukaelekeza kidole kwenye tindikali iliyobaki katika chombo cha kuchemshia vifaa. Vyovyote iwavyo, lawama haikuwa ya ganzi yenyewe. Lakini hofu haisomi hukumu za mahakama. Waingereza waliikimbia sindano hiyo kwa miaka mingi.

Kisha Kiel tena! Mwaka 1980 Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa kupitia matundu madogo. Njia hiyo hujaza tumbo hewa ya ukaa, na kwa kawaida mgonjwa hulazwa usingizi kabisa. Mji uliozaa sindano ya mgongo ukaipa nusu kaputi nguvu mpya.

Kwa hiyo ipi bora? Kwa upasuaji wa kisu wa kawaida, hasa kwenye hospitali isiyo na mashine nyingi, ganzi ya mgongo ni msaada mkubwa. Lakini inaweza kushusha presha ghafla, na haimfai mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri au aliyezidiwa na maambukizi. Nusu kaputi nayo ina hatari ya matapishi kuingia mapafuni, hasa kwa mgonjwa wa dharura ambaye tumbo lake halijatulia. Na anayechoma ganzi lazima awe tayari kumlaza mgonjwa usingizi iwapo ganzi itagoma.

Basi siku yakikukuta, swali la kumwuliza jirani halipo. Mwulize mtaalamu wa usingizi maswali mawili: kwa nini umenichagulia njia hii, na ikishindikana utafanya nini? Ni haki yako kujibiwa kabla hujatia saini.